Hela Iliyoachwa Kitandani

Matema, 6 Januari 2024

Mwanangu Ambakisye,

Ugonile, baba. Nimefurahi kusikia umefika Unguja salama, Mungu ni mwema. Naandika kwenye daftari, mdogo wako Atupele atapiga picha kwa simu yake akutumie, na wewe unaweza kufanya hivyo hivyo. Kwenye simu mimi siwezi kuongea. Nikisikia sauti yako nasema hatujambo, mchele upo, tunamshukuru Mungu, halafu vocha inakwisha na yote niliyokuwa nayo moyoni nabaki nayo. Kwenye karatasi angalau hayanikimbii.

Sasa sikiliza. Siku uliyoondoka, nilipotoka kukusindikiza kwenye gari, niliingia chumbani kwangu, kile nilichokupisha ulale. Nikakuta kitanda kimetandikwa. Kutandikwa gani! Shuka limevutwa mpaka ukidondosha harage linaruka. Juu yake, lile taulo nililokupa uogee limekunjwa likawa ndege mwenye shingo ndefu. Nilishtuka nikamwita Atupele. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama, kaka amekuachia bata!"

"Nyamaza wewe," nikamwambia. "Bata gani hana hata miguu?"

Tulipomwinua huyo bata na mto wake, chini tukakuta noti tano za elfu kumi kumi, zimepangwa vizuri. Nadhani umezisahau, kwa haraka ya safari. Nimeziweka ndani ya Biblia, kwenye Zaburi ya mia na ishirini na moja, hakuna atakayezigusa. Utazichukua ukija.

Miaka sita, mwanangu, na umekaa siku nne. Silalamiki. Ila nilikuwa nakutazama. Ulikuwa unaniondolea sahani kabla sijameza, umeinama, unauliza, "Kila kitu kiko sawa, Mama?" Jirani yetu Maria akaniuliza pembeni, "Huyu mwanao siku hizi ni daktari?" Nikamwambia ni wa hotelini, wanafundishwa adabu.

Utakuja lini tena? Nijibu hilo tu, mengine si lazima.

Mama yako,
Kisa


Unguja, 21 Januari 2024

Mama, shikamoo.

Zile hela sikuzisahau. Ni zako. Naomba uzitoe kwenye Zaburi uzile.

Nikueleze. Hapa natandika vyumba kumi na sita kwa siku. Wageni wenyewe hatuwaoni: wao wakitoka kwenda baharini ndipo sisi tunaingia. Nani atamshukuru mtu asiyemwona? Lakini siku mgeni akiondoka, unainua mto unakuta noti. Wanaiita tipu, bakshishi. Mwenzangu Nelson, wa Tukuyu, huwa anaibusu kabla hajaiweka mfukoni. Si kwa sababu ni nyingi. Ni kwa sababu unajua aliyelala hapa alikumbuka kwamba kuna mtu alimtandikia.

Nikawaza, mama yangu anatandikia wageni pale ufukweni mwaka wa kumi na moja huu. Nani amewahi kumtandikia yeye? Nikasema nikiondoka nitamfanyia kama anavyostahili mtu, kila kitu, mpaka ndege wa taulo. Huyo siyo bata, mwambie Atupele. Nilijifunza kumkunja kwa wiki mbili.

Kuhusu kuja, tutaangalia. Msimu huu kazi ni nyingi.

Mwanao,
Ambakisye


Matema, 25 Februari 2024

Mwanangu,

Nimekuelewa na sijakuelewa.

Hiyo hela ya kitandani naijua, wala usinifundishe. Na mimi nimeinua mito. Lakini ngoja nikuambie jinsi ilivyo hapa kwetu. Mgeni akiwa bado yupo, haachi kitu. Anasema, "Mama Kisa, tutaonana kesho," anakwenda zake ziwani. Siku anayoacha hela ndiyo siku anayoondoka. Na hao walioacha hela, kwa miaka yote hii, sijamwona hata mmoja aliyerudi. Nikiinua mto nikakuta noti, najua, huyu ndiyo basi, sura yake sitaiona tena duniani. Nakunja shuka nachukua hela naimba wimbo wangu.

Kwa hiyo nakuuliza kama mama. Ulikuwa unaniaga?

Tangu siku ile mkono wangu umekuwa mzito. Wiki iliyopita mzungu mmoja mzee na mkewe waliondoka, wakaacha elfu ishirini. Sikuweza kuishika. Nikaikamata kwa kipande cha gazeti, nikatoka mbio, gari lao lilikuwa limeshafika kwenye michikichi. Nikapiga kelele, wakasimama. Nikamrudishia. Yule mzee akadhani ni hela aliyoisahau, nami nimekuwa mwaminifu sana. Macho yakamjaa machozi, akaongeza elfu ishirini nyingine akanifunga vidole. Msimamizi wetu, Dada Jubilate, alikuwa anatazama. Akasema, "Mama Kisa, hiyo mbinu umeitoa wapi? Tufundishe wote."

Kila mtu akacheka. Mimi nilikwenda kukaa nyuma ya jiko.

Njoo Pasaka. Nitamwambia yule kijana wa mtumbwi aniwekee mbasa mkubwa, siyo wa kukaanga, wa kuchemsha na ndizi kama unavyopenda. Njoo hata siku mbili. Na safari hii kitanda usikiguse, kiache hovyo hovyo, nijue ulilala.

Mama yako,
Kisa


Cancún, Meksiko, 9 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Ukiona hapo juu nimeandika wapi, usimlaumu Atupele. Naye hakujua.

Wenye hoteli yetu ya Unguja wana nyingine huku, ng'ambo ya bahari mbili. Walichagua watu kumi, mimi na Nelson tukiwemo. Mkataba ni wa mwaka mmoja. Niliusaini Desemba, kabla sijaja nyumbani. Nilikuja nyumbani ili nikuambie, Mama, hiyo ndiyo ilikuwa safari yenyewe. Siku ya kwanza ulichinja kuku. Siku ya pili ukaita kwaya nzima wakaniimbia. Siku ya tatu ukanipeleka Makwale, ukanionyesha mahali utakapojenga chumba changu karibu na kakao za baba. Siku ya nne nikatandika kitanda.

Pasaka nilikuwa nangoja viza. Nisamehe.

Bahari ya huku ni buluu ya kupita kiasi, utadhani imepakwa rangi. Ziwa letu linabadilika, hii haibadiliki. Kazi ni ileile. Ila bakshishi ya huku ina adabu zake, wageni wanazisoma kabla hawajapanda ndege. Mbeba mizigo umpe akishaweka begi chini. Wa mezani usimwachie mpaka uone kama haijajumlishwa kwenye bili. Utoe peso, hela ya hapa, siyo sarafu za kwenu, maana sarafu za kigeni benki haizipokei, inakuwa umempa mtu chuma. Na anayetandika kitanda umwachie kila siku asubuhi, usingoje siku ya mwisho, kwa sababu anayekutandikia leo kesho anaweza kuwa mwingine.

Kuna jambo moja ungelipenda. Kwenye duka kubwa tunakonunua mahitaji, kuna wazee wanaopanga vitu vya watu kwenye mifuko. Hawana mshahara, wanategemea kile unachowapa. Mmoja ni mama aliyekuzidi umri kidogo, anaitwa Chayo. Mara ya kwanza kumpa nilijisahau: nikashika zile sarafu kwa mikono miwili nikapiga goti kidogo, kama nyumbani. Foleni nzima ikanikodolea macho. Yeye akacheka, akaniwekea kiganja kichwani, akasema neno. Nelson akaniambia maana yake ni "mwanangu". Sasa kila Jumamosi napanga foleni yake, hata kama ndiyo ndefu.

Nitatuma hela ya bati kwa ajili ya Makwale.

Mwanao,
Ambakisye


Matema, 15 Septemba 2024

Kaka,

Hii naandika mimi, Atupele, Mama hajui.

Barua yako ya mwezi wa sita aliisoma kwenye simu yangu mpaka mwisho. Akanirudishia simu, akachukua ndoo akaenda kuchota maji. Nyumbani kulikuwa na ndoo mbili zimejaa. Tangu siku hiyo hajakutaja. Ukipiga simu anakwambia hatujambo. Hiyo hatujambo usiiamini. Kanisani wakifika kwenye maombi ya walio safarini, watu wanataja majina ya watoto wao, yeye anainama kimya.

Unajua wazee wetu walivyokuwa wakisema. Mzazi akinuna ndani kwa ndani, mtoto huko aliko mambo hayamwendei, mpaka mzazi aseme, aseme yote, watu wasikie. Nikimwambia Mama anasema hayo ni ya zamani, yeye ameokoka. Lakini juzi nilipomwambia umeteleza kwenye ngazi ukateguka mkono, aliacha kula. Akaniuliza mara tatu, "Ni mkono upi?"

Mwandikie. Usimtumie hela. Mwambie aseme.

Mdogo wako,
Atupele


Matema, 6 Oktoba 2024

Ambakisye,

Umeniandikia mstari mmoja: "Mama, una neno na mimi, liseme." Haya. Nasema.

Nimekasirika. Ulikula kuku wangu huku umeshasaini. Ulisimama na mimi pale Makwale, nikakuonyesha mlango utatazama wapi, ukasema "Pazuri, Mama," ukijua unakwenda mahali ambapo mimi nikiamka wewe ndiyo unalala. Hilo limenichoma, lakini nimepiga magoti nalo, limepungua.

La huyo mama wa mifuko halijapungua. Yeye ulimpa mkononi. Ulimpigia goti. Alikuwekea kiganja kichwani, mtu ambaye hajui hata ulinyonya miezi mingapi. Mimi niliyekuzaa uliniachia chini ya mto kama mtu asiyeonekana.

Umesahau mshahara wako wa kwanza, ule wa Mbeya? Marehemu baba yako Eliud alikuwa bado mzima. Ulipiga goti hapa sebuleni, ukaziweka kwenye mikono yangu miwili. Sikuzihesabu. Nilizishika, nikafumba macho, nikataja jina lako mbele za Mungu, baba yako akasema amina. Ndipo tukanunua sukari. Ndivyo tulivyo. Kitu cha mtoto kinapita mikononi mwa mzazi ili mzazi apate pa kusemea baraka. Wewe umevuka bahari mbili bila hiyo. Halafu naambiwa umeanguka kwenye ngazi, na mimi naosha vyombo najiuliza, ni mimi? Najua Mungu wetu hamtegui mtoto mkono kwa sababu mama yake amenuna. Najua kabisa. Lakini nimejiuliza.

Basi leo baada ya ibada nimemwita Atupele na Maria, nimesema yote haya kwa sauti. Maria akasema, "Dada, kumbe ulikuwa na mzigo!" Nikanywa maji nikayatema nje mlangoni, kama alivyokuwa akifanya bibi yangu. Mchungaji asisikie.

Imetoka. Sina kitu tena na wewe. Mkono unaendeleaje?

Mama yako,
Kisa


Cancún, 2 Februari 2025

Mama, shikamoo, na ndaga fijo, asante sana.

Mkono ulipona wiki ileile niliyosoma barua yako. Na hilo mchungaji asisikie.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilianza mara nyingi nikachana. Sasa naandika nikiwa chumba cha kufulia, mashine zinanguruma, hakuna anayenitazama.

Zile noti nilikuwa nazo mfukoni siku zote nne. Kila ulipokaa nilizishika. Lakini nilijua nikikupa utafumba macho, na nilijua utakachoomba. Utamwambia Mungu, huyu mtoto mrudishe kwangu Pasaka. Ungeliomba hilo mbele yangu, na mimi ninajua Pasaka sipo. Ningesemaje amina, Mama? Ninyamaze, au niseme uongo katikati ya maombi? Nikaona afadhali nikimbie baraka kuliko niiibe. Nikafanya kile ninachokijua, nikatandika kitanda.

Mama Chayo hajawahi kuniombea nirudi popote. Ni rahisi kumpigia goti mtu ambaye hujamficha kitu.

Sasa kuna jambo, na safari hii nakuuliza kabla sijasaini. Mkataba unakwisha mwezi wa tano. Meneja anataka niongeze miaka miwili, nimjibu mwisho wa Machi. Nelson ameshasaini. Mshahara ungepanda, na kile chumba cha Makwale kingeezekwa kikaisha. Huko nyumbani sijui ningefanya nini.

Karatasi iko kwenye begi langu. Sema wewe.

Mwanao,
Ambakisye


Matema, 16 Machi 2025

Mwanangu Ambakisye,

Ugonile.

Barua yako nimeisoma, safari hii sikwenda kuchota maji. Nimekaa nayo. Nililia kidogo pale pa kuiba baraka, nikasema, kumbe huyu mtoto nilimlea.

Nimefunga siku tatu. Nilimwomba Mungu anipe maneno ya mama mwenye moyo mpana, wale akina mama wanaosema, nenda mwanangu, dunia ni yako, mimi usinihofie. Nilitaka sana niandike hivyo. Ungewasomea Nelson na wenzake ukasema, mnaona mama yangu? Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu nilikuwa nachambua mchele, nikatambua kwamba Mungu hanipi maneno hayo kwa sababu si yangu.

Kwa hiyo nianze na la kwanza. Nimesimama, Atupele ndiye shahidi, nimetaja jina lako lote na la baba yako na la babu yako. Nimesema: Bwana, huyu ni Ambakisye, mbariki mikono yake, ngazi anazopanda na watu anaofanya kazi nao. Akikaa huko mbariki. Akirudi mbariki. Umetoka kwangu umebarikiwa, leo, na sidai kitu. Ukisaini hiyo karatasi, baraka hii hairudi kwangu, ni yako uende nayo. Huyo Chayo naye nimemtaja, maana alikushika kichwa siku ambazo mimi sikuweza. Akiwa na watoto mbali, Mungu awaguse.

Hilo limekwisha. La pili ni la pembeni, wala halijafungwa na la kwanza.

Nataka urudi.

Sisemi kwamba ndiyo akili. Mshahara sina wa kukupa. Bati ni kweli hazijatosha, chumba kimefika kwenye linta na mbuzi wa Maria wanalala humo. Sijui utafanya kazi gani. Dada Jubilate anasema anatafuta mtu wa kusimamia vyumba, lakini anachoweza kulipa nikikutajia utacheka. Nasema tu ninachotaka, kwa sababu umeniuliza, na kwa sababu tumeshaona kunyamaza kunatufanyia nini. Nikisikia gari limesimama barabarani, mpaka leo naacha ninachofanya nasikiliza kama mlango utafunguliwa. Nina miaka hamsini na moja. Nimechoka kusikiliza magari.

Amua wewe. Sitanuna.

Mama yako,
Kisa


Cancún, 30 Machi 2025

Mama, shikamoo.

Nimemwambia meneja hapana. Alidhani nataka aongeze hela, akaongeza. Nikamwambia siyo hivyo, mama yangu anataka nirudi. Akasema hata yeye hajamwona wa kwake tangu mwaka juzi, akasaini fomu yangu ya kuondoka.

Nelson amekasirika, anasema nimekuwa mtoto. Kisha jioni akaniletea shati nimpelekee mama yake Tukuyu.

Jumamosi nilimpa Mama Chayo habari ya kuondoka kwangu. Nilimweleza kwa vidole na kwa maneno machache ninayojua kwamba mama yangu amemtaja kwenye maombi. Sijui kama alielewa. Aliacha kidogo kupanga mifuko ya watu, foleni ikangoja.

Ndege ni tarehe 30 Mei. Nitalala Dar, kisha basi mpaka Kyela. Mpunga utakuwa bado shambani, nitavuna. Zaidi ya hapo sijapanga chochote na naogopa, nakuambia ukweli. Imebaki siku sitini na moja, na leo nimetandika vitanda kumi na vinane.

Naomba kitu kimoja. Usiite kwaya. Gari likisimama usitoke barabarani, kaa ndani ufanye shughuli yako. Nitapiga hodi. Na usinijibu karibu, hiyo waachie wageni. Niulize kama ulivyokuwa ukiniuliza nilipokuwa mdogo nikichelewa kutoka ziwani, kwa sauti ileile ya ukali: "Wewe! Ulikuwa wapi muda wote huu?"

Mwanao,
Ambakisye